Wadada wa salsa: viatu gani vinakimbizana na miguu bila kuua vidole?

Chausiku84 (mleta uzi)

Wakuu salaam. Naingia mwaka wa pili wa salsa hapa Dar, darasani mara mbili kwa wiki na Ijumaa tunatoka. Mwezi huu mwalimu katuhamishia kwenye zile hatua za kuachiana mikono, kila mtu na miguu yake, wenyewe wanaziita shaini. Nyimbo anazotuwekea zinakimbia kama zimeiba kitu. Hapo ndipo viatu vyangu vimeniumbua.

Nilianza na skuna zangu za kazini, soli ya mpira. Nikizunguka, wayo unabaki palepale na goti linatangulia. Nikaogopa. Nikaagiza mtandaoni viatu vya dansi kabisa, satini nyekundu, kisigino sentimita 9, jumla na usafiri 180,000/=. Vikaja. Wimbo wa tatu tu, kidole kidogo kimeshatoka nje ya gidamu, kinaning'inia kama konda mlangoni mwa daladala. Nikakaa pembeni nikaagiza mishkaki, wenzangu wanacheza.

Naomba wajuzi mnishike mkono: kisigino kiwe cha urefu gani, soli gani, mbele pawe wazi au pamefungwa, na saizi naipimaje. Mguu wangu ni mpana mbele, kisiginoni mwembamba. Bajeti isizidi 200,000/=, na hapo nimejikaza.

Kobe_Mkimbizi

Cheza peku. Bajeti sifuri, kidole hakina pa kutokea.

Chausiku84

Kobe nilijaribu nyumbani kwenye sakafu ya saruji. Ngozi haitelezi, inachunika. Nilitembelea visigino siku mbili. Ujuzi mwingine?

Bi_Hatua

Mdogo wangu Chausiku, pole na kidole. Nina miaka 46, nimecheza miaka 14, na nimetupa viatu vingi kuliko nilivyovimaliza, kwa hiyo nisome taratibu.

Watu huanza na kisigino kwa sababu ndicho kinachoonekana kwenye picha. Mimi nakwambia anza na sakafu unayochezea, halafu soli, halafu gidamu. Kisigino kije baada ya hapo, na rangi uchague ukishachoka.

Piga hesabu uone kwa nini. Wimbo wa haraka unafika mapigo 200 kwa dakika. Mapigo manane unayakanyagia hatua sita, na hayo manane yanakwisha ndani ya sekunde 2.4. Wimbo wa dakika nne ni hatua 600. Cheza nyimbo tano bila kukaa, ni 3,000, na karibu zote unatua kwa mbele ya wayo, pale nyuma tu ya vidole, kisigino kinagusa na kuondoka. Gidamu inayokukata kidogo dukani itakukata mara 3,000 kabla hujanywa maji.

Soli. Ya dansi ni suedi, ngozi iliyokwaruzwa ikaota vinyweleo. Inakuachia ukizunguka na inakushika ukikanyaga. Mpira unashika tu. Mwili unageuka, wayo umeganda, na katikati yao kuna goti, ambalo kazi yake ni kukunjika na kunyooka. Ulichoogopa kwenye skuna zako uliogopa kwa haki. Ila suedi nayo ina adui zake: maji, soda iliyomwagika, mchanga, lami. Kwa hiyo viatu vinakwenda mkononi, unavalia ukumbini. Ukiniona natoka nje kwenda kupokea simu, nimevaa malapa.

Sakafu. Kwenye mbao suedi mpya ni raha. Kwenye marumaru iliyopigwa dawa ya kung'arisha utateleza kama sabuni, hapo unaipiga brashi ya waya vinyweleo visimame ndipo ucheze. Kwenye saruji kavu suedi inaliwa, miezi michache inaonyesha upara. Kama darasa lenu ni la saruji, usipeleke viatu vyako vizuri pale, tafuta vya mazoezi.

Sasa ukikishika kiatu dukani, usikivae kwanza. Kamata kisigino kwa mkono mmoja na ncha kwa mwingine, kikunje. Kinatakiwa kikubali pale vidole vinapoanzia tu. Kikikunjika katikati, chini ya upinde wa mguu, kirudishe kwenye shelfu: ndani hakina kile kipande cha chuma kinachobeba upinde, na wewe ndiye utakayekuwa chuma. Halafu kiweke mezani, sukuma kisigino kwa kidole kimoja. Kikicheza mezani bila mtu ndani yake, kikishabeba kilo zako kitacheza salsa yake peke yake.

Hizo satini zako za sentimita 9, pumzika nazo. Mbele pana na nyuma pembamba maana yake unahitaji gidamu inayopita juu ya mguu, au mbili zinazopishana, ili mguu usiserereke kwenda mbele. Gidamu ya kifundo peke yake inashika kisigino, lakini mbele hairudishi kitu. Ndiyo maana kidole kilipanda daladala.

KadogoKaNai

Bi Hatua heshima zako, mimi nakusoma kutoka Nairobi. Hapo pa kisigino kuja baadaye sikubaliani nawe hata kidogo.

Kwa shaini za haraka kisigino ndicho cha kwanza. Nimecheza na sentimita 7.5 kwa miaka minne. Siku niliyoshuka hadi 5 nilihisi nimefunguliwa minyororo. Kisigino kikiwa kirefu uzito wote unamwagikia vidoleni, na ukitaka kubadilisha mguu haraka unapata uko mbele ya muziki, unaukimbilia badala ya kuukanyaga. Tena hatua zinakuwa kubwa, kwa sababu ukiwa juu unatafuta mahali pa kuegemea. Hatua ya shaini ni fupi jamani, chini ya nyonga, kama unakanyaga ndani ya sufuria.

Na umbo lake pia. Kile chembamba kama penseli ni cha jukwaani. Kwa kucheza na watu ukumbi umejaa, chukua kile kinachopanuka chini, kina pa kusimama. Na ukimkanyaga mtu kwa penseli, mtatafutana.

Bi_Hatua

KadogoKaNai, mama, hatujaachana mbali. Nimesema kije baadaye, sikusema kisahauliwe. Mtu mwenye kisigino cha 5 na soli ya mpira ataumia kabla ya yule mwenye 7.5 na suedi. Na si kila mtu akishuka anapona. Mguu uliozoea kuegemea mbele ukiushusha ghafla unaangukia nyuma, unachelewa. Chausiku ndiyo kwanza anaingia mwaka wa pili wa kucheza, kwake naona 5 mpaka 6.5 inatosha, akija kutaka 7.5 atapanda mwenyewe. Ile 9 ni ya kupigia picha.

MzeeWaChacha

Mabinti, mnalalamikia mbio za wimbo, ngoja niwape kisa.

Kule Cali, Kolombia, miaka ya 1960, vijana walikuwa wanaletewa santuri za New York. Wakaona boogaloo, muziki wa dansi wa Walatini wa huko New York, inakwenda taratibu mno kwa miguu yao. Wapiga santuri wakachukua sahani ya mizunguko 33 kwa dakika wakaisukuma kwa 45. Hiyo ni zaidi ya theluthi moja ya ziada, wimbo wa mapigo 150 unafika 200 na waimbaji wanapiga kelele kama kasuku. Watu wakacheza. Ndiyo maana mpaka leo mchezo wa Cali miguu inatetema huku mabega yametulia. Kwa hiyo mnapowalaumu walimu wenu, mlaumuni kwanza mwenye santuri.

Sisi wa zamani tulicheza chacha kwa viatu vya ngozi tupu, soli ya ngozi iliyong'aa. Na muziki haukutoka mbali. Morogoro ilikuwa na bendi ya Cuban Marimba ya Salum Abdallah, jina lenyewe linakwambia tulikuwa tunasikiliza nini redioni. Kiatu cha dansi kilikuwa kiatu cha Idi, basi.

Chausiku84

Shikamoo mzee. Kumbe yule mwalimu wangu ni mjukuu wa wapiga santuri.

Nimewaelewa kwenye soli na kisigino. Sasa saizi. Viatu vya kawaida navaa 39. Zile satini niliagiza 39, mbele vidole vinatoka, nyuma nafasi inapita kidole. Nikiagiza 38 si nitabanwa kwenye upana?

Bi_Hatua

Namba iache, kila kiwanda kina 39 yake. Pima hivi. Jioni, mguu ukishatembea siku nzima na kuvimba kidogo. Tandika karatasi sakafuni, kisigino kiguse ukuta, simama kwa uzito wako wote (ukikaa kitini mguu unadanganya). Penseli iwe wima, weka alama kwenye kidole kirefu zaidi. Si lazima kiwe gumba. Pima na upana, pale mguu ulipojaa zaidi. Fanya miguu yote miwili, chukua ule mkubwa. Halafu tafuta jedwali la sentimita la muuzaji huyohuyo. Asiye na jedwali la sentimita, mwache na viatu vyake.

Kiatu cha wazi cha dansi kinavaliwa cha kukaa mwilini kuliko skuna ya kazini. Ncha za vidole zifike ukingoni mwa soli. Zikiuvuka ukingo zinakwaruza sakafu, zikibaki nyuma sana soli inajikwaa mbele yako. Na angalia malighafi: ngozi italegea baada ya wiki kadhaa, kwa hiyo ikikukumbatia dukani ni sawa. Satini hailegei kama ngozi, ikikubana leo itakubana na Krismasi.

Chausiku84

Nimepima. Urefu sentimita 24 kamili, mguu wa kulia 24.2. Jedwali la wale walioniuzia linasema 24 ni 38. Nimekaa miezi miwili nawalaumu bure kwa kila kitu. Lakini kwenye upana bado nawalaumu.

Kobe_Mkimbizi

Sasa na raba za dansi je? Nimeona dada mmoja kavaa raba ina soli imekatika katikati, nikamwonea huruma nikataka kumchangia.

KadogoKaNai

😂😂 Hiyo imekatwa makusudi, buda. Mbele kuna soli yake, nyuma yake, katikati ni kitambaa, ili wayo ujikunje. Mbele kuna kiduara laini cha kuzungukia. Ni nzuri sana kwa mazoezi ya saa mbili tatu, na kwa saruji. Mimi nayo hufanya shaini zote mpya, mpaka miguu ikizijua ndio napanda kisigino. Lakini usifanye kila kitu nayo halafu Ijumaa ushtukize mwili na sentimita 7. Mizani inabadilika, hatua uliyoijua chini huko juu huipati.

Nuru_wa_Pwani

Naomba nichomekee, maana hili lilinitesa. Nilikuwa nikirudi nyumbani usiku chini ya vidole panaungua kama nimekanyaga kaa. Nikabandika sponji palepale panapouma. Ikazidi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akaniambia kile kitakio kidogo kinakaa NYUMA ya pale panapouma, kuelekea upinde, ili kiinue mifupa na kuipunguzia mzigo. Nilisogeza sentimita moja na nusu tu. Tofauti kubwa.

Ila ukipata ganzi kwenye vidole isiyoondoka, au maumivu yanakuamsha usingizini, hapo viatu weka pembeni uende hospitali. Usibadilishe sponji mwaka mzima kama nilivyofanya mimi.

Chausiku84

Asante Nuru. Na mbele kuwa wazi au pamefungwa? Hapo bado mmeniacha.

Nuru_wa_Pwani

Wazi vidole vinatanuka, vinapumua, na kwa joto letu hilo si jambo dogo. Pamefungwa, ukikanyagwa huoni nyota. Mimi nina nundu ya kidole gumba, kwa hiyo wazi na gidamu pana isiyopita juu ya nundu. Wewe wa mbele pana nadhani wazi pia, gidamu za ngozi laini, si zile za mawe ya kung'aa, mawe yana makali upande wa ndani.

Mtaa_wa_Sita

Na fundi wa viatu wa kawaida hawezi kukubadilishia soli? Mbona mnaongea kama lazima kiatu kitoke ng'ambo.

FundiSoli

Nimetajiwa kazi yangu, ngoja nivue miwani.

Inawezekana, nafanya. Lakini wadada mnanichosha kwa mambo mawili. La kwanza, mnaniletea suedi ya kushonea juu ya kiatu, nyembamba kama khanga, mnataka niifanye soli. Inaisha kabla sijala hela yake. Ya soli iwe nene, kwenye milimita 2. La pili, mnaniletea kiatu chenye soli nene ya mpira mnasema "bandika juu yake." Nikibandika juu unapata ubao, hakikunjiki, mguu hausikii sakafu. Lazima nibandue ya zamani kwanza. Isiyobanduka, kiatu hicho si cha dansi, kirudi kazini.

Kazi yenyewe iko kwenye subira. Nakwaruza pande zote mbili kwa msasa, napaka gundi pande zote mbili, naacha. Mteja anaona nimekaa anadhani sifanyi kitu. Gundi ikishakauka kiasi cha kidole kuigusa bila kunata, ndipo nakutanisha, mara moja tu, ukikosea hakuna kurekebisha. Nyundo kutoka katikati kwenda pembeni, hewa itoke. Mwenye kiatu aje kesho. Anayekitaka leo jioni kwa sababu ana sherehe, soli itamwacha kwenye sherehe.

Kisigino nacho mkague ile ncha ya chini. Ikiisha plastiki mnakanyagia msumari, mnachana sakafu ya watu.

Mtaa_wa_Sita

Fundi umetisha. Uko wapi?

FundiSoli

Njoo PM. Mods wa humu wakali kwa matangazo.

Chausiku84

Wiki ya tatu tangu nianzishe uzi, naleta mrejesho kama nilivyoahidi watu PM.

Nilipata viatu vya ngozi, rangi ya ngozi yangu, kwa dada aliyekuwa anahama mji. Kisigino 6, kinapanuka chini, gidamu mbili zinapishana juu ya mguu. Nilivikunja mbele yake kabla hata ya kumsalimia vizuri, akacheka. Vilikubali penyewe tu. 60,000/=. Suedi ilikuwa imekwisha, nyeusi, inang'aa kama kioo, nikavipeleka kwa fundi wa humuhumu. Nikamkuta amekaa, gundi inakauka. Nikanyamaza.

Ijumaa ya kwanza darasani kwenye mbao: nilizunguka mara mbili nikasimama pale nilipokusudia. Sijawahi. Shaini za mwalimu bado zinanipita kwenye ile ya kuvuka mguu nyuma, lakini sasa najua kosa ni langu.

Ijumaa ya pili ndipo vituko. Sehemu ya wazi karibu na bahari, marumaru, na kila anayetoka ufukweni anakuja na mchanga wake. Nusu saa tu suedi imelala, nateleza hadi nikamshika mpiga ngoma ya conga bega. Nikatoa brashi. Nilikaa kwenye kiti napiga soli brashi ya waya, kshh kshh, upande mmoja, vumbi jeupe linamwagika mapajani, mwanamume mmoja akaniuliza kama nasafisha samaki. Lakini ilirudi kushika, nikacheza mpaka saa saba.

Na sponji ya Nuru nimeiweka nyuma, si palepale. Kweli.

Bi_Hatua

Umefanya vizuri mdogo wangu. Ukifika nyumbani usivifungie kwenye mfuko wa plastiki vikiwa na jasho, kwa unyevu wa Dar utakuta ukungu. Mfuko wa kitambaa. Na usivianike juani, gundi ya fundi italegea. Baada ya wiki tatu nne gidamu zitakuwa zimelegea, mwambie akuongezee tundu moja, asikate.

KadogoKaNai

6! Si 5 yangu wala 7.5. Tumegawana.

Chausiku84

Tumegawana shoga.

Halafu, zile satini nyekundu zipo. 39, kisigino 9, zimevaliwa nyimbo tatu. Mwenye mguu mwembamba aje PM.

Kobe_Mkimbizi

Nyimbo tatu na mishkaki mingapi?